Tangazo gani lilileta mnunuzi? Kulinda hesabu wakati duka la mtandaoni linabadilika

Maneno haya yalitolewa mbele ya wanamemba na wafadhili wa chama, hapa Bunia. Tumeyaandika sawa vile yalivyosemwa, tukipunguza tu marudio.

 

Niliombwa niseme juu ya duka letu la mtandaoni. Sitasema juu ya kahawa, wala asali, wala vikapu. Wenye kuvitengeneza wanavijua kunipita. Nitasema juu ya hesabu moja yenye inatusumbua. Tunalipa matangazo kwenye Facebook na Google. Watu wananunua. Sasa, ni tangazo gani lilimleta mnunuzi gani?

Najua kuko wenye wanawaza: hiyo si kazi ya vijana wa kompyuta? Kazi ya kompyuta ni yao, kweli. Lakini uamuzi wenye unatoka katika hesabu hiyo ni wetu sote. Pesa ya matangazo inatoka katika mifuko miwili, mchango wa wanamemba na msaada wa wafadhili. Kila miezi mitatu komite inakaa, inatazama raporti, inaamua tangazo gani liendelee na gani lisimame. Raporti ikisema tangazo la vikapu halikuuza kitu, linasimamishwa. Mama mwenye alirudi Djugu akakuta nyumba haina bati, akaanza upya kwa kusuka vikapu, yeye njo atakosa soko. Na kama raporti ilisema uongo, tutakuwa tumemfungia mlango kwa ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo naomba mnisikilize hata kama maneno mengine ni mageni. Nitayaeleza moja moja.

Namna hesabu inafanyika

Kwenye soko kuu hapa Bunia, mtu akikuja kununua kwako mara ya kwanza unaweza kumuuliza: nani alikutuma kwangu? Atakuambia, ni dada yangu wa Mudzipela. Basi unajua nani wa kushukuru. Kwenye duka la mtandaoni hakuna mtu wa kuuliza hivyo, programu inauliza mahali pako.

Inafanya hivi. Mtu anaona tangazo letu, anabonyeza. Kwenye kile kiungo chenye anabonyeza kunaongezwa namba yenye inaonyesha ni tangazo gani. Akifika dukani, alama ndogo inabaki ndani ya simu yake; alama hiyo inaitwa kuki. Anachagua kahawa, analipa, na ukurasa wa mwisho unafunguka wenye kusema "Aksanti kwa komande yako." Ndani ya ukurasa huo kumefichwa kipande kidogo cha programu, kinaitwa pikseli. Pikseli inatuma habari kwa Facebook ao Google: yule mwenye alikuja na namba hii amenunua, na amelipa kiasi hiki.

Hesabu yenyewe, basi, iko na viungio vinne: kiungo cha tangazo, alama ndani ya simu, ukurasa wa aksanti, na habari yenye inatumwa. Kiungio kimoja kikikatika, mauzo yanaendelea sawa kawaida. Pesa inaingia, mzigo unatumwa, mnunuzi anafurahi. Raporti peke yake njo haijui kitu. Inaandika sifuri. Na wakati mwingine inafanya kinyume, inahesabu komande moja mara mbili.

Nini imebadilika

Miaka hii karibu kila kiungio kimeguswa. Sitataja yote, nitataja yale yenye yanatugusa.

La kwanza ni alama za ndani ya simu. Mwezi wa tatu 2020, Apple ilizuia katika Safari kuki zote za watu wa nje, maana yake kuki zenye hazikuwekwa na duka lenyewe. Tarehe 26 mwezi wa nne 2021 ikaongeza sharti: kila programu ya iPhone yenye inataka kumfuatilia mtu katika programu na tovuti za wengine inapaswa kumuomba ruhusa kwanza. Watu wengi walikataa. Ndugu zetu wa Ubelgiji na Kanada, wenye wananunua kahawa yetu, wengi wanatumia simu hizo. Ulaya tena iko na sheria ya data ya mwaka 2018, yenye ilifanya kila duka liulize: unakubali kuki? Mwenye kusema hapana ananunua vizuri kabisa, lakini pikseli haimwoni.

La pili ni siku za kuhesabu. Zamani Facebook ilikuwa inahesabu mnunuzi kama alinunua ndani ya siku 28 kisha kubonyeza tangazo. Tangu 2021 kawaida yake ni siku 7. Fikirini mtu wa Brussels. Anaona tangazo tarehe 10, anapenda, anasema nitanunua nikipata mshahara. Tarehe 30 ananunua. Tangazo lilifanya kazi yake, lakini raporti haimhesabu.

La tatu ni vyombo vyenyewe kubadilishwa. Tarehe 1 mwezi wa saba 2023 Google ilisimamisha chombo chake cha zamani cha kupima watembeleaji, Universal Analytics, na watu wote wakahamia chombo kipya chenye kinahesabu kwa namna ingine. Mwaka mmoja kisha, data za zamani zikafungwa. Mwenye hakuzitoa mbele, hana tena cha kulinganisha. Shopify nayo ilibadilisha kurasa za malipo za maduka yake makubwa: mwezi wa nane 2024 ni kurasa za kuandika anwani na kulipa, mwezi wa nane 2025 ni ukurasa wa aksanti. Pikseli zenye zilikuwa zimebandikwa kwa mkono ndani ya kurasa hizo zilipaswa kuwekwa upya kwa namna ingine. Duka lenye halikufanya hivyo liliamka asubuhi likiendelea kuuza, huku raporti imekufa.

Msidhani makampuni haya yametukosea kwa kubadilisha. Mabadiliko mengi yalikuja juu ya watu kuchoka kufuatwa kila mahali. Sisi wenyewe, wenye tulishatafutwa na watu wenye silaha, tunaelewa vizuri mtu mwenye hataki kufuatwa. Kazi yetu ni kuhesabu bila kumfuata mtu.

Na hapa kwetu?

Kuko mambo yenye vitabu vya Ulaya havisemi.

Uganda ilifunga Facebook mwezi wa kwanza 2021, siku chache mbele ya uchaguzi. Wengi wetu tuliishi kule ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Kyangwali na kambi zingine, na wanunuzi wetu wa Hoima na Kampala bado ni ndugu na majirani wa zamani. Tangu hapo, mwenye anataka Facebook anapita kwa VPN. VPN inaficha mahali mtu alipo. Kwa hiyo mtu wa Hoima anaonekana kama yuko Uholanzi ao Marekani. Ukilipa tangazo lionyeshwe Uganda, huenda yeye halimfikii. Na akinunua, raporti inaandika mnunuzi wa Uholanzi. Ukiamini raporti hiyo, utaongeza pesa ya matangazo kule Uholanzi, mahali hauna mnunuzi hata mmoja.

Kuko tena malipo ya simu. Mnunuzi wa hapa anaandika komande, kisha anaacha duka, anafungua Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money, analipa, anafunga simu. Harudi tena kwenye ukurasa wa aksanti. Pikseli iko pale inamngojea, yeye ameshamaliza. Duka lenye linahesabu kwa ukurasa ule peke yake linapoteza watu wa malipo ya simu wote, na hao njo watu wa kwetu.

Kuko pesa zenyewe. Sisi tunatumia dola na franka pamoja. Wengine wanalipa kwa shilingi, wengine kwa euro. Kama duka linatuma namba bila kusema ni pesa gani, franka elfu kumi zinaweza kuandikwa dola elfu kumi, na kilo moja ya kahawa inakuwa na bei ya nyumba.

Na mwisho, intaneti inaweza kukatwa. Tunakumbuka tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja kisha uchaguzi, namna intaneti ilikatwa katika inchi nzima, karibu siku 20. Wakati kama huo duka lenyewe halifi, kwa maana seva yake iko mbali. Lakini komande za WhatsApp zenye zinapita kwetu zinasimama. Raporti itaonyesha shimo, na kisha mwaka mmoja hakuna mtu atakumbuka shimo lile lilitoka wapi kama halikuandikwa.

Mambo matano ya kufanya

Moja. Kaye ya komande njo shahidi wa kwanza. Kila komande iko na namba yake. Tunaandika tarehe, kitu gani, pesa kiasi gani na ya aina gani, mji wa kupeleka mzigo, na kode ya tangazo. Iwe kwenye kompyuta, na mara moja kwa wiki inakiliwa katika kaye ya karatasi. Raporti ya Facebook ni ushahidi wa Facebook juu ya kazi yake mwenyewe. Kaye ni ushahidi wetu, na inafuata pesa yenye imeingia.

Mbili. Kila tangazo lipate kode yake. Tangazo la kahawa la Ubelgiji liitwe KB1, la vikapu la Kampala liitwe VK1. Kode inaandikwa ndani ya kiungo cha tangazo, na duka linaihifadhi pamoja na komande. Kwa WhatsApp ni rahisi zaidi: kiungo kinaweza kufungua mazungumzo huku maneno yameshaandikwa, kwa mfano "Nataka kahawa, KB1." Mnunuzi anabonyeza tu kutuma. Hapo hakuna kuki, hakuna ruhusa ya Apple, VPN haiharibu kitu. Kode inafika pamoja na mtu mwenyewe.

Tatu. Tuhesabu pale malipo yanathibitishwa. Ukurasa wa aksanti usiwe shahidi wa pekee. Siku hizi Facebook na Google zinakubali duka litume habari moja kwa moja kutoka kwa seva yake: komande namba fulani imelipwa. Hiyo inamshika pia mwenye alilipa kwa simu na hakurudi. Lakini hapa tuwe makini. Pikseli ikituma na seva ikituma, mauzo moja yatakuwa mawili. Dawa ni kutuma namba ileile ya komande pande zote mbili, na jina lilelile la tukio, ili wenye kupokea wajue ni kitu kimoja. Ni sawa na kwenye likelemba: mama akitoa mchango na mtoto wake akaja kusema "mama ametoa," mwenye kuandika anatazama jina, haandiki mara mbili.

Ine. Kabla ya mabadiliko yoyote, tununue wenyewe. Mmoja wetu abonyeze tangazo, aagize kitu kidogo, alipe kweli. Tutazame: kode imefika kwenye kaye? Raporti imeona? Bei ni sawa? Imehesabiwa mara moja tu? Tufanye hivyo mbele ya mabadiliko, na tena siku ileile kisha mabadiliko: mara moja kwa Airtel Money, mara moja kwa kadi, mara moja kwa iPhone, mara moja kwa simu ya kawaida. Chombo cha zamani kikiwa kinaweza kuendelea, kikae pamoja na kipya wiki chache, ili tuone namna vinatofautiana. Data za zamani tuzitoe na kuziweka kwetu mapema. Na tarehe ya kila badiliko iandikwe katika kaye kwa biki nyekundu.

Tano. Kila wiki tulinganishe. Hii njo kazi yenye kulinda zingine zote, na haiombi mtu wa kompyuta. Tuseme wiki ya kwanza kaye iko na komande 40, raporti ya matangazo iko na 26. Wiki ya pili, kaye 38, raporti 25. Usishtuke. Raporti haioni kila mtu, na wengine walikuja bila tangazo. Inaona karibu theluthi mbili, na inabaki pale pale. Sasa wiki ya tatu: kaye 39, raporti 4. Duka halikuanguka, bomba la hesabu limekatika. Tafuta nini ilibadilishwa wiki ile. Wiki ingine: kaye 15, raporti 10. Hapo bomba ni zima. Soko lenyewe njo limepunguka, na ni wakati wa kuketi na kuwaza juu ya bei, tangazo ao njia ya kupeleka mzigo.

Mnaona tofauti? Mwenye kusoma raporti peke yake atalia wiki ya tatu bila sababu, na atasimamisha tangazo lenye linauza. Mwenye kuwa na kaye anajua kidonda kiko wapi.

Majina ya watu

Hapa naomba mnisikilize zaidi. Vyombo hivi vipya vinaomba vitu vingi. Vinasema: tupeni namba ya simu ya mnunuzi, tupeni anwani yake ya barua pepe, tutawatambua wanunuzi vizuri zaidi. Wanasema pia namba hizo zinageuzwa herufi zisizosomeka kabla ya kutumwa. Ni kweli zinageuzwa. Hata hivyo mnunuzi aulizwe kwanza, na akikataa tuheshimu. Inchi yetu iko na Sheria ya Numeriki tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na data za watu zimelindwa ndani yake.

Na juu ya wenye kutengeneza, tuwe wakali zaidi. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021, na kuko vijiji vyenye watu wamerudi, wakakimbia tena, wakarudi tena. Orodha yenye inasema mama fulani, wa kijiji fulani, alipata dola fulani mwezi huu ni hatari mikononi mwa mtu mubaya. Orodha hiyo isiingie katika chombo cha matangazo hata siku moja. Kule itume namba ya komande, bei na kode, basi. Majina yabaki kwa mtunza hazina, mahali pa kufungwa.

Yale tunaomba

Kwa wanamemba: mkutano ukubali kwamba hakuna tangazo litasimamishwa kwa raporti ya Facebook ao Google peke yake. Kaye isomwe pembeni yake. Na tuchague watu wawili wa kulinganisha kila wiki, mmoja asiwe wa kompyuta.

Kwa wafadhili: tutawaletea namba tatu pamoja. Komande zenye zililipwa, komande zenye zilikuja na kode, na mauzo yenye raporti za matangazo zinasema. Hazitalingana, na mtu akiwaletea namba tatu zenye zinalingana kabisa, muulizeni maswali. Mkiona kipimo kimebadilishwa katikati ya mwaka, msichore mstari mmoja kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Chora miwili, na tarehe ya badiliko katikati. Tunaomba pia sehemu ndogo ya msaada itumike kwa komande za kujaribu. Ni pesa kidogo, na inalinda ile nyingi.



Maswali

Mfadhili mmoja aliuliza: kama hesabu ni ngumu hivi, tunajua namna gani kwamba matangazo yanasaidia kweli?

Jibu: Swali zuri. Njia yenye haitegemei kuki hata kidogo ni kusimamisha tangazo mahali pamoja na kuliacha pengine. Tuseme wiki tatu tunazima tangazo la kahawa kwa Ubelgiji na kuliacha Kanada, tukichagua wiki zenye hazina sikukuu. Kisha tunatazama kaye, miji ya kupeleka mzigo. Kama Ubelgiji inashuka na Kanada inabaki, tangazo lilikuwa linafanya kazi. Kama zote zinabaki, pengine ndugu zetu kule wanaambiana wenyewe, na pesa ile iende kwa vikapu. Kisha tunageuza: tunazima Kanada, tunawasha Ubelgiji.

Mama mmoja wa kikundi cha vikapu aliuliza: na mwenye anapiga simu tu, hana Facebook, hana kode, tutamwandika namna gani?

Jibu: Mama, huyo ni wa lazima kuandikwa. Unamuuliza sawa vile unamuuliza mtu sokoni: umetujua wapi? Akisema mtoto wake wa Kampala alimwonyesha picha kwenye simu, andika hivyo. Akisema jirani, andika jirani. Akisema hakumbuki, andika "hakumbuki." Usimchagulie jibu. Mwisho wa mwezi mstari wako utasomwa mbele ya komite pamoja na mistari ya kompyuta, na utahesabiwa sawa na hiyo.